Lyle Thompson na Fimbo ya Wazee Wake

  

Leo nitawaeleza habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ni kucheza. Huenda ukacheka na kusema, "Kucheza nako ni kazi?" Ngoja kwanza. Mtu huyu amelipwa mshahara kwa kucheza mchezo uliotoka kwa mababu zake. Lakini zamani wazee wa watu wake walifungiwa nje ya mashindano ya mchezo huo huo, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wamepokea malipo. Jambo lililokuwa kosa kwa wazee limekuwa sifa kwa mjukuu. Basi na tutazame ilikuwaje.

Jina lake ni Lyle Thompson. Tamka: Lail Tomson. Alizaliwa mwaka 1992, naye ni mtu wa taifa la Onondaga, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Nchi yao imo katika jimbo la New York, karibu na mji wa Syracuse. Mchezo wake huitwa lakrosi.

MCHEZO WENYEWE

Labda hujapata kuona lakrosi, kwa hiyo nitakueleza. Kila mchezaji hushika fimbo yenye wavu mdogo kichwani. Mpira ni wa raba ngumu, nao ni mdogo, hujaa katika kiganja cha mkono. Mchezaji huudaka mpira kwa wavu wa fimbo yake, hukimbia nao, humpasia mwenzake, au huutupa golini kwa nguvu. Adui zake humkimbiza na kuipiga fimbo yake ili mpira uanguke. Kwenye uwanja wa majani huwa na wachezaji 10 kila upande. Uko pia mchezo wa ndani ya jumba, wenye wachezaji 6 kila upande, pamoja na golikipa.

Waonondaga ni miongoni mwa mataifa 6 yaliyoungana na kuwa na baraza moja. Mataifa hayo ni Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Wafaransa waliwaita Iroquois, lakini wenyewe hujiita Haudenosaunee. Jina hilo hutamkwa karibu na kusema Hodinoshoni, na maana yake ni Watu wa Nyumba Ndefu. Mchezo huu ni wa zamani sana katika nchi zile. Katika miaka ya 1630 padre mmoja Mfaransa, Jean de Brébeuf, aliandika habari zake baada ya kuuona kwa jirani zao Wahuron. Neno lakrosi lenyewe limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni fimbo.

Kwa watu wa Haudenosaunee lakrosi si mchezo wa kujifurahisha tu. Wao husema kwamba Muumba ndiye aliyewapa. Huchezwa ili mgonjwa apate nafuu, na huchezwa kutoa shukrani. Ni desturi mtoto mwanamume apewe fimbo ndogo angali mchanga, na mtu mzima akifa huzikwa na fimbo yake. Fimbo ya kale hutengenezwa kwa mti mgumu uitwao hikori. Fundi huupasua mti, huupinda kwa mvuke, huuacha ukauke kwa miezi mingi, kisha husuka wavu wa ngozi. Ni kazi ya subira.

WAGENI NA SHERIA ZAO

Sisi tuna methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika habari hii mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona.

Wazungu waliohamia Kanada waliutazama mchezo huu wakaupenda. Mjini Montreal alikuwako daktari wa meno, jina lake William George Beers. Mwaka 1867 yeye na wenzake waliandika sheria za lakrosi na kuunda chama cha taifa cha mchezo huo. Mwaka 1876 Beers alisafiri mpaka Uingereza na timu mbili, moja ya Wazungu wa Montreal, na moja ya Wamohawk wa Kahnawake. Walicheza hata mbele ya Malkia Victoria. Watu wengi walikuja kuwatazama Wamohawk, kwa kuwa ndio wenye mchezo.

Lakini mwaka 1880 chama kile kilibadili sheria. Kilisema kwamba mashindano ya ubingwa ni ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Hapa tusimame kidogo, tujifunze maneno mawili. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda, bila malipo. Mchezaji wa kulipwa ni yule apewaye fedha kwa kucheza. Wenyeji wa asili walikuwa wakipokea fedha walipoitwa kucheza, kwa hiyo walihesabiwa kuwa wachezaji wa kulipwa. Wakafungiwa nje. Waliendelea kucheza wenyewe kwa wenyewe, na kualikwa katika mechi za maonyesho, lakini ubingwa hawakuweza kuugombea tena.

Ndugu yangu, fikiri hivi. Wewe ni mpiga ngoma hodari wa kijijini kwako. Watu wa mjini wanakuita ukapige ngoma kwenye sherehe yao. Mji uko mbali, nauli ya basi ni kubwa, na siku ile hutakwenda shamba. Unasema, "Nitakuja, lakini nipeni nauli na chakula cha watoto." Wanakupa, unapiga, wanafurahi. Mwaka unaofuata watu wale wa mjini wanajifunza ngoma yako, wanafanya mashindano, wanaandika sheria: "Aliyepata kupokea fedha kwa kupiga ngoma haruhusiwi." Je, sheria hiyo imekutaja jina lako? Haikukutaja. Je, imekufungia nje? Imekufungia.

Ndivyo ilivyokuwa Kanada. Mwenye duka, karani au daktari aliweza kucheza siku ya mapumziko bila kuhitaji malipo, maana alikuwa na pato lake. Mmohawk maskini hakuweza kusafiri mpaka Montreal au Toronto bila nauli. Sheria ilitumia maneno ya heshima, ikisema kwamba fedha huharibu mchezo. Lakini watazamaji walitozwa kiingilio mlangoni, na fedha hiyo haikuonekana kuwa na ubaya wowote.

Hata hivyo wenyeji hawakuitupa fimbo yao. Mwaka 1904, katika michezo ya Olimpiki mjini St. Louis, timu ya Wamohawk ilicheza na kushika nafasi ya tatu.

MCHEZO WAINGIA NDANI YA JUMBA

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1931. Katika miji ya Kanada yako majumba makubwa ya kuchezea hoki ya barafuni. Wakati wa joto barafu huondolewa, na majumba hubaki matupu. Wenye majumba waliona wanapata hasara, wakaleta lakrosi ndani, wakaunda ligi ya kulipwa. Miaka ile ilikuwa ya shida kubwa ya uchumi, na kazi zilikuwa haba. Wenyeji wa asili waliupenda sana mchezo huu wa ndani, wakawa miongoni mwa wachezaji wake hodari.

Mmoja wao alikuwa Harold Jay Smith, Mmohawk aliyezaliwa mwaka 1912 katika nchi ya mataifa sita kando ya mto Grand, Kanada. Katika miaka ya 1930 alicheza katika timu za miji mbalimbali, kama vile Toronto, Buffalo na Rochester. Baadaye alikwenda Hollywood kucheza filamu, akajulikana kwa jina la Jay Silverheels. Kuanzia mwaka 1949 hata 1957 alionekana katika televisheni akiwa Tonto, rafiki wa shujaa katika mchezo wa The Lone Ranger. Watu wengi walioijua sura yake hawakujua kwamba kwanza alikuwa mtu wa lakrosi.

Wengine walipata riziki kwa kutengeneza fimbo. Wamohawk walikuwa na kiwanda kikubwa cha fimbo za mti katika kisiwa cha Cornwall, nacho kiliteketea kwa moto mwaka 1968. Muda si mrefu, katika miaka ya 1970, fimbo zenye kichwa cha plastiki zilienea. Plastiki ni nyepesi na hutengenezwa upesi. Basi hata riziki ya fimbo ikahamia mikononi mwa watu wengine.

LYLE THOMPSON AINGIA UWANJANI

Sasa tumrudie Lyle. Alizaliwa katika nyumba ya lakrosi. Ana kaka watatu, Jeremy, Hiana na Miles, na wote walishika fimbo tangu utotoni. Nywele zao waliziacha zikue ndefu, wakazisuka msuko mmoja mgongoni, kama ilivyo desturi ya wazee wao.

Lyle alisoma katika Chuo Kikuu cha Albany, akaichezea timu ya chuo tangu mwaka 2012 hata 2015, pamoja na Miles na binamu yao Ty. Katika lakrosi mchezaji hupata pointi moja akifunga goli, na pointi moja akimpasia mwenzake aliyefunga. Mwaka 2014 Lyle alipata pointi 128. Hakuna mchezaji wa daraja la kwanza la vyuo vya Marekani aliyepata kufika hapo kabla yake katika msimu mmoja. Alipomaliza chuo mwaka 2015, jumla yake ilikuwa pointi 400.

Iko zawadi kubwa ya wachezaji wa vyuo iitwayo Tewaaraton. Hilo ni jina la lakrosi katika lugha ya Kimohawk, na zawadi yenyewe ni sanamu ya shaba ya mchezaji Mmohawk. Ilianza kutolewa mwaka 2001. Sikiliza vizuri: sanamu ni ya Mmohawk, jina ni la Kimohawk, lakini kwa miaka 13 hakuna mwenyeji wa asili hata mmoja aliyeipata. Mwaka 2014 Lyle na Miles waliipata pamoja, ndugu wawili kwa siku moja. Mwaka uliofuata Lyle aliipata tena peke yake.

Mwaka huo wa 2015 timu za kulipwa zilikutana kuchagua wachezaji waliomaliza vyuo. Lyle alichaguliwa wa kwanza kabisa katika ligi ya nje, na wa kwanza kabisa katika ligi ya ndani. Katika mchezo wa ndani alikwenda timu ya Georgia Swarm, akawakuta kaka zake. Mwaka 2017 Lyle, Miles na Hiana walikuwa pamoja katika timu hiyo. Georgia Swarm ilifika fainali, ikacheza na Saskatchewan Rush ya Kanada. Katika mchezo wa mwisho timu zilikwenda sare mpaka muda wa nyongeza, na aliyefunga goli la ushindi alikuwa Miles. Lyle alitangazwa kuwa mchezaji bora wa msimu, na mchezaji bora wa fainali pia.

Labda unauliza, "Je, ametajirika?" Usidhani lakrosi hulipa kama mpira wa miguu wa Ulaya. Mshahara wake ni mdogo. Wachezaji wengi wa kulipwa hucheza siku za mwisho wa wiki, na siku nyingine huenda kazini, wengine ni walimu, wengine ni wazima moto. Thompson na kaka zake wamefundisha watoto, na kufanya biashara ya nguo kwa jina la familia yao. Mwanasoka tajiri hununua jumba, mchezaji wa lakrosi huangalia kwanza kodi ya nyumba. Kwa hiyo ile nauli ya mwaka 1880 si habari ya kale tu. Mtu ana watoto, na mchezo unamchukulia siku zake.

NYWELE NA PASI

Malipo yalipatikana, lakini je, heshima ilikuja pamoja nayo? Mwezi wa Januari 2019 Lyle alikuwa akicheza mjini Philadelphia. Mtangazaji wa uwanjani, akizungumza katika kipaza sauti mbele ya maelfu ya watu, alisema msuko wa Lyle ukatwe. Baadhi ya watazamaji walipiga kelele za kumtukana.

Kwa mtu asiyejua historia, huo ni mzaha wa nywele. Lakini Lyle ni mtu wa taifa lenye kumbukumbu. Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni huko Carlisle, katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, ya kuwafundisha watoto wa wenyeji wa asili maisha ya Kizungu. Mtoto alipofika, kitu cha kwanza alichofanyiwa ni kukatwa nywele, kisha akakatazwa lugha yake. Shule nyingine nyingi zilifuata mfano huo. Sasa waelewa kwa nini neno la mtangazaji liliuma.

Lyle alifanya nini? Hakupigana. Aliandika yaliyotokea, yakasomwa na watu wengi. Wakuu wa ligi waliomba radhi, na mtangazaji akaachishwa kazi. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Msuko ulibaki pale pale mgongoni.

Jambo la pili ni pasi ya kusafiria. Mwaka 1983 watu wa Haudenosaunee waliunda timu yao ya taifa, wakisema kwamba wao ni taifa, si sehemu tu ya Marekani au Kanada. Mwaka 1990 walicheza mashindano ya dunia huko Australia. Walisafiri kwa pasi zao wenyewe. Lakini mwaka 2010 mashindano yalipofanyika Manchester, serikali ya Uingereza ilikataa pasi zile. Wangaliweza kuchukua pasi za Marekani au Kanada, wakapanda ndege. Walikataa. Wakayakosa mashindano ya mchezo wao wenyewe. Kumbuka, ndugu, Uingereza hiyo hiyo iliwatazama Wamohawk wakicheza mbele ya Malkia wake mwaka 1876.

Mwaka 2014 mashindano yalifanyika Denver, Marekani, kwa timu za mataifa 38. Uganda, jirani yetu, ilikuwamo, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo. Lyle aliichezea timu ya Haudenosaunee, nayo ilipata medali ya shaba. Ilipata shaba tena mwaka 2018, na tena mwaka 2023.

Katika mwaka 2020 lilitokea jambo jema. Timu ya Haudenosaunee ilikuwa imeachwa nje ya Michezo ya Dunia iliyokuwa ifanyike Birmingham, katika jimbo la Alabama. Ireland ilikuwa na nafasi yake tayari. Lakini Waireland walijitoa, wakasema nafasi ile wapewe wenye mchezo. Hawakulazimishwa na mtu.

Mwezi wa Oktoba 2023 Kamati ya Olimpiki ilikubali lakrosi iwemo katika michezo ya mwaka 2028 mjini Los Angeles. Watu wa Haudenosaunee waliomba kucheza kwa jina lao. Rais wa Marekani wa wakati huo, Joe Biden, aliwaunga mkono. Kamati ilijibu kwamba timu huletwa na kamati za Olimpiki za nchi, nao hawana kamati hiyo. Waona tena? Sheria imeandikwa kwa maneno ya adabu, haimtaji mtu, na mwenye mchezo amesimama mlangoni.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu wasikilizaji, wewe uliye darasani unajifunza kusoma ili usome barua, risiti, bei za dukani, na gazeti. Hayo ni mema. Lakini iko kazi nyingine ya kusoma, nayo ni kusoma sheria. Ukisomewa kanuni ya chama cha ushirika, ya soko, ya shule au ya timu ya kijiji, usiulize tu, "Maneno haya ni mazuri?" Uliza pia, "Kanuni hii inamfungia nani nje?" Sheria ya mwaka 1880 ilikuwa na maneno mazuri sana.

Na mtu akidai malipo ya haki kwa kazi ya mikono yake, au ya miguu yake, usiharakishe kumdharau. Wamohawk waliodai nauli walikuwa wakiupenda mchezo wao kama Lyle anavyoupenda. Walikuwa na njaa tu, na safari ilikuwa ndefu.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Mwalimu, tafadhali wasaidie wanafunzi wako kuzungumza juu ya maswali yaliyo hapa chini. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa wana tofauti gani?
2. Kwa nini sheria ya mwaka 1880 iliwaumiza Wamohawk kuliko makarani na madaktari?
3. Mwaka 2010 wachezaji walikataa kusafiri kwa pasi za nchi nyingine. Wewe ungalifanyaje? Toa sababu.
4. Je, kijijini kwako iko kanuni inayomfungia mtu nje bila kumtaja jina? Ielezeni, kisha iandikeni upya kwa sentensi mbili.